Chakula cha Mchana na Mzazi: Tumheshimu Bila Kumficha Mwenzetu





Somo letu la leo linahusu jambo linaloonekana dogo: chakula cha mchana. Si chakula cha arusi wala cha sikukuu. Ni ugali na mboga katika hoteli kuukuu ya mtaani, mtoto aliyekwisha kuoa au kuolewa akiwa ameketi na mzazi wake aliyezeeka. Pengine mtauliza jambo hilo linahusu nini ukurasa wa ndoa. Linahusu sana. Siku mliposimama mbele ya altare hakuna kati yenu aliyefika peke yake. Kila mmoja alikuwa na wazazi nyuma yake, wawe hai au marehemu, na baraka ya padre haikuwaondoa maishani mwenu. Baada ya arusi kila nyumba hulazimika kujibu swali moja: wazazi hawa tutawaweka wapi?

Kabla ya kuendelea, chukueni Biblia, mume asome na mke asikilize, kisha mbadilishane: Kutoka 20:12, Mwanzo 2:24, Yoshua bin Sira 3:12-16, Tobiti 10:12, Marko 7:9-13. Mkimaliza, someni mfano ufuatao. Tumeutunga kwa ajili ya somo hili, lakini wengi wenu mtajiona ndani yake.

MFANO

Mume ni fundi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi. Mke anauza mitumba ya watoto Gikomba. Wana watoto watatu, walifunga ndoa kanisani, na Jumapili huenda Misa pamoja.

Baba wa mume ni mgane. Alikuja Nairobi kijana kutoka Magharibi mwa Kenya, akafanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Mkewe amezikwa nyumbani. Mzee hakutaka kukaa peke yake shambani, akapanga chumba karibu na Kaloleni, katika mitaa anayoijua kuliko hata kijiji chake.

Miaka miwili kabla ya siku tunazosimulia, Mzee aliugua. Mume akalipa hospitali kwa pesa za karo, na hakumwambia mkewe. Watoto walipofukuzwa shule, ndipo mke alipojua. Kwa hasira akasema neno ambalo hakuna mtoto apendaye kulisikia: kwamba baba yake ni mzigo. Jioni ile ile alijuta, lakini hakuomba msamaha. Mume naye hakuomba msamaha kwa ajili ya karo. Tangu hapo jina la Mzee likawa halitajwi nyumbani mwao.

Lakini baba ni baba. Kila Alhamisi, kengele ya chakula ikilia, mume alivuka reli kwa miguu hadi kwenye hoteli ambayo Mzee alikuwa akimpeleka tangu utotoni. Ni hoteli ya kawaida. Orodha ya vyakula imepakwa rangi ukutani, bei zimefutwa na kuandikwa tena mara nyingi. Meza zina vitambaa vya plastiki. Pembeni kuna sinki na kipande cha sabuni. Mzee ana meza yake karibu na mlango, kwa kuwa hapo kuna mwanga na macho yake yamechoka. Hula ugali, nyama ya karanga iliyoiva sana, na mboga za kienyeji zikiwapo. Mume humkatia nyama vipande vidogo, maana meno ya Mzee yamebaki machache. Hawazungumzi mengi. Wakimaliza hunywa chai, mume hulipa kwa simu, hurudi kazini.

Hoteli hiyo ni ya mama mmoja, na malipo huenda kwa simu yake. Kwa hiyo katika simu ya mume kulikuwa na ujumbe kila Alhamisi, mchana, shilingi 460, kwenda kwa mwanamke yule yule.

Siku moja mke aliomba simu hiyo ili alipie maziwa, akaona. Akarudi nyuma wiki baada ya wiki. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Hakusema kitu. Alinyamaza wiki tatu, akapika, akaosha, akasali rozari na watoto, na usiku hakulala. Alhamisi ya nne alimwachia jirani yake meza ya nguo akamfuata mumewe. Alisimama ng'ambo ya barabara akatazama ndani ya ile hoteli. Akamwona mumewe ameinama, anamkatia mzee nyama.

Akarudi Gikomba. Jioni, watoto walipolala, akamwambia mumewe, "Leo nimekufuata. Nilidhani nitamkuta mwanamke."

Mume akacheka, akidhani mambo yamekwisha. Kisha akaona mkewe analia.

"Usicheke," mke akasema. "Ningemkuta mwanamke ningejua la kufanya. Sasa nifanye nini? Umenifanya niwe mtu ambaye mwanamume anamficha ili amlishe baba yake."

MZEE ALIVYOJIBU

Alhamisi iliyofuata mume alimweleza baba yake yote. Alitarajia Mzee amtetee. Mzee akaacha kula, akanawa mikono.

"Kwa hiyo siku zote hizi umekuwa ukinilisha chakula cha wizi," akasema.

"Baba, ni pesa zangu."

"Sikusema pesa." Mzee akanyamaza kidogo, halafu akaendelea. "Mimi nilikuwa namtumia babu yako pesa kila mwisho wa mwezi, nikimficha mama yako. Alijua. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Amekufa hivyo. Usinipeleke huko tena."

Akakataa chai. Akasema hatarudi kwenye meza ile mpaka mkaza mwana mwenyewe aseme aje.

Hapa inafaa tusimame kidogo tumfahamu Mzee na wenzake wa rika lake. Mitaa ya zamani ya mashariki mwa Nairobi ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Jina la Kariokor latokana na jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilikuwa na nyumba zake Muthurwa na Makongeni. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia, lakini sehemu nyingine nyingi zilikuwa na vyumba vya wanaume tu. Mke alibaki kijijini akilima na kulea, mume akaonana naye wakati wa likizo. Desturi hiyo iliendelea hata baada ya Uhuru wa 1963. Kwa mwanamume wa namna hiyo, hoteli ya mtaani ilikuwa ndiyo jiko lake. Hapo alikula, alisoma barua kutoka nyumbani, na mtoto wake alipokuja mjini wakati wa likizo, hapo ndipo alipomketisha na kumwonyesha kwamba yeye naye ana watu wanaomjua.

Kwa hiyo mzazi anapokuambia, "Twende pale petu," usidhani anataka ugali tu. Anakukaribisha nyumbani kwake kwa zamani. Tena mjue kwamba ndoa nyingi za wazee wetu ziliendeshwa kwa barua na bahasha za pesa, na katika umbali huo siri ziliota mizizi. Nyinyi mnaolala chini ya paa moja hamna udhuru huo.

YATUPASAYO KUJIFUNZA

1. Kuwaacha wazazi si kuwatupa

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba mume huwaacha baba na mama na kuambatana na mkewe. Amri ya Nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Wengine huona kama maneno haya mawili yanapingana. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba mtoto akishakuwa mtu mzima na kujitegemea, wajibu wa kuwatii wazazi unakoma, lakini heshima haikomi (namba 2217). Tena inataka watoto wawasaidie wazazi wao kwa mali na kwa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke (namba 2218). Naye Papa Fransisko katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 190, alifundisha kwamba wazazi wasitelekezwe, lakini lazima waachwe ili ndoa iwe nyumba mpya kweli.

Kuacha maana yake ni kwamba uamuzi wa nyumba unafanywa na wawili, mume na mke. Mume wa mfano wetu alipochukua karo bila neno, hakuwa ameacha kwa maana hii. Alifanya uamuzi kama kijana asiyeoa bado. Kosa lake halikuwa kumtibu baba yake. Kumtibu ilikuwa haki. Kosa lilikuwa kuamua peke yake juu ya pesa za wawili.

Na mke naye asome Marko 7:9-13. Bwana wetu aliwakemea watu waliotumia sadaka ya hekalu kuwa kisingizio cha kutowasaidia wazazi. Siku hizi kisingizio chetu si hekalu. Ni karo, ni kiwanja, ni kujenga. Haya ni mambo mema, kama sadaka ilivyokuwa jambo jema, lakini yasiwe mlango wa kumfungia mzazi nje.

2. Jambo jema likifichwa huanza kuoza

Mume alikuwa akifanya tendo la huruma. Lakini kwa kulificha, alimpa mkewe wiki tatu za mateso, na alimfanya Mzee kuwa mshiriki wa uongo bila kujua. Angalieni, hatusemi kwamba mke lazima ajue kila neno ambalo baba na mwana wamezungumza. Mzee anaweza kumwambia mwanawe jambo la ugonjwa wake ambalo hataki lisikiwe na mwingine, na hilo liheshimiwe. Siri ya mazungumzo ni haki ya Mzee. Lakini kwamba mmekutana, wapi, siku gani, na pesa gani imetumika, hayo ni ya nyumba.

Jipimeni kwa swali hili jepesi: mwenzangu akiingia sasa hivi mlangoni, nitafurahi au nitashtuka? Ukijiona utashtuka, kuna jambo la kwenda kusema nyumbani leo.

Na wewe unayeona ujumbe katika simu ya mwenzako, uliza siku hiyo hiyo, kwa utulivu, watoto wakiwa hawapo. "Nimeona hili, limenisumbua, nieleze." Wiki tatu za kunyamaza hazikumlinda mke huyu na uchungu. Zilimwongezea.

3. Wazazi wa mke nao ni wazazi

Katika nyumba zetu nyingi mzazi wa mume akisaidiwa ni wajibu, mzazi wa mke akisaidiwa ni hisani. Wengine hudai kwamba mahari imekwisha kulipwa, basi. Hiyo si imani yetu. Katika Tobiti 10:12 Ragueli, akimwaga binti yake Sara, anamwagiza awaheshimu wakwe zake kwa kuwa sasa ni wazazi wake. Haki hiyo inakwenda pande zote mbili: mume naye amepata baba na mama wapya. Kumbukeni pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kutunzwa ipasavyo na familia na Serikali. Haikusema wazazi wa mume.

Basi mume akipata Alhamisi na baba yake, aulize, "Na mama yako lini?" Kama mama yuko mbali, nauli ya mke kwenda kumwona mara chache kwa mwaka iwekwe katika hesabu kama inavyowekwa ile ya hoteli.

4. Mila iwe njia, isiwe ukuta

Katika jamii kadhaa za Kenya wakwe huheshimiana kwa umbali. Kwa Waluhya wengi, baba mkwe hashikani mkono na mke wa mwanawe, wala halali nyumbani kwa mwanawe. Katika jamii nyingine, mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja. Vijana wengine hucheka mila hizi. Msizicheke. Zilikuwa uzio wa adabu, na mzee aliyezishika maisha yake yote hawezi kuzivua kama koti kwa sababu mtoto wake anakaa chumba kimoja mjini.

Ndiyo sababu hoteli ya mtaani inaweza kuwa baraka. Si nyumba ya mwana, si nyumba ya baba. Hakuna anayemvunjia mwingine heshima. Lakini mila isitumiwe kama kisingizio cha kumweka mke nje kabisa. Mume wa mfano wetu alijitetea hivyo mwanzoni: "Si unajua huwezi kuketi na Mzee?" Mkewe akamjibu kwamba kutoketi naye hakumzuii kujua kama amekula.

5. Pesa haiketi mezani

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, imekuwa rahisi sana kumsaidia mzazi. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Dawa inanunuliwa siku ile ile. Lakini wengi wetu tumebadilisha uso wetu kwa ujumbe wa simu. Mzee anapokea pesa, anapika peke yake, anakula peke yake. Yoshua bin Sira anatuagiza kuwa wavumilivu kwa mzazi hata akili yake inapopungua. Uvumilivu huo hautumwi kwa simu. Unataka kiti.

Wanandoa hawa walipoketi na kalamu, waliona kwamba shilingi 460 kwa Alhamisi nne ni shilingi 1,840 kwa mwezi. Mke akashangaa. Jambo lililokaribia kuvunja nyumba yao lilikuwa dogo kuliko matumizi yao ya makaa. Likaandikwa katika daftari la nyumba: Mzee, chakula. Tangu siku hiyo halikuwa siri tena.

MASHAURI KWA SIKU YENYEWE

Nendeni mapema, kabla ya saa saba, watu hawajajaa. Mzazi asisimame akisubiri kiti.

Mwacheni achague meza na chakula. Kama ana kisukari au shinikizo la damu, mwambie mhudumu kando apunguze chumvi na mafuta, au asitie sukari katika chai. Usimsomee mzazi orodha ya makatazo mbele ya watu. Kama anatumia dawa za kisukari, asicheleweshewe chakula.

Keti upande wa sikio linalosikia. Ongea polepole, si kwa kupiga kelele.

Weka simu mfukoni.

Akirudia hadithi uliyoisikia mara kumi, muulize jambo ambalo hujawahi kuuliza ndani yake: nani mwingine alikuwapo, mvua ilinyesha, mama alisemaje.

Usilete habari za kugawa shamba juu ya sahani. Mzazi asijifunze kuogopa mwaliko wako.

Akitaka kulipia chai, mwache alipie. Heshima si kupokea tu, ni kutoa pia.

Na la muhimu kuliko yote: meza ile isiwe mahakama ya kumhukumu mwenzako. Ukimlalamikia mkeo au mumeo kwa mzazi wako, wewe utapatana naye usiku, lakini mzazi atabaki na hasira mwaka mzima.

IKIWA MZAZI ALIKUKOSEA

Tunajua kuna wasomaji ambao wakifika hapa wanaumia. Baba alikunywa mshahara. Mama alikuacha kwa bibi asirudi. Amri ya Nne haikuamuru useme kwamba mabaya yalikuwa mema. Haikuamuru pia umrudishe ndani ya nyumba mtu ambaye bado anaweza kuwadhuru mkeo au watoto wako. Hao lazima walindwe kwanza.

Lakini pale ambapo hatari imekwisha na kilichobaki ni jeraha, kikombe kimoja cha chai katika hoteli ya mtaani chaweza kuwa mwanzo unaowezekana. Ni mahali pa watu wote, na muda wake ni mfupi. Hakuna anayelazimika kusema yote siku moja. Mwombe mwenzako ushauri kabla ya kwenda, na ukirudi mweleze ulivyoona moyoni. Kama mzigo ni mkubwa, mwoneni padre wa parokia au wanandoa wazoefu mnaowaamini katika jumuiya yenu.

MWISHO WA MFANO

Mke alimtuma mtoto wao mkubwa kwa Mzee na ujumbe: "Mama anasema Alhamisi uje, nasi tutakuja." Ilikuwa wakati wa likizo ya shule. Alhamisi ile Mzee alikaa meza yake karibu na mlango, mume mbele yake. Mke akaketi na watoto meza ya pili, mgongo ukiwa umegeuzwa kidogo kama adabu inavyotaka. Mtoto mdogo akawa anakwenda na kurudi kati ya meza mbili, akila kote kote.

Walipokaribia kumaliza, mke alisema bila kugeuka, "Baba, nilisema neno baya juu yako."

Mzee akajibu, "Sikulisikia. Alilisikia huyu. Mwambie yeye."

Mke akamgeukia mumewe. Na mume, kabla hajasema mkewe lolote, alimwomba msamaha kwa ajili ya karo, miaka miwili baadaye. Mzee akamwita mhudumu akaagiza chai kwa meza zote mbili. Akalipa mwenyewe, kwa noti zilizokunjwa.

Msidhani kwamba shida ziliisha siku ile. Karo bado ilikuwa ngumu, Mzee bado alikuwa mkaidi juu ya dawa zake, na mume na mke waligombana tena kabla ya Krismasi. Lakini hawakugombana tena kwa siri.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Andikeni majina ya wazazi wenu wote walio hai, pande zote mbili. Kando ya kila jina andikeni siku ya mwisho mlipokula naye. Si mlipomtumia pesa, bali mlipokula naye. Chagueni jina lenye tarehe ya mbali zaidi, mpange siku na gharama. Kama wazazi wote wamelala, mtafuteni mzee mmoja wa jumuiya yenu anayekula peke yake. Siku nzuri ya kuanzia ni Siku ya Dunia ya Mababu na Wazee, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021 iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna msaada wowote ninaompa mzazi wangu ambao mwenzangu haujui? Kwa nini nimeuficha?

2. Je, niliwahi kusema neno juu ya wazazi wa mwenzangu ambalo bado halijaombewa msamaha?

3. Wazazi wa mke na wazazi wa mume wanapata nafasi sawa katika nyumba yetu?

4. Ni mila gani ya wakwe tunayoishika? Inatusaidia kuheshimiana, au tunajificha nyuma yake?

5. Watoto wetu wanatuona tukiwatendea wazazi wetu namna gani? Nasi tungependa watutendeeje?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliishi Nazareti chini ya Maria na Yosefu, na ukiwa msalabani ulimkabidhi Mama yako kwa mwanafunzi uliyempenda. Utujalie tuwaheshimu wazazi wetu bila kuivunja nyumba uliyotupa. Ondoa kati yetu kila siri inayotutenga. Uwape wazazi wetu wazee meza ya kuketi na mtu wa kuketi naye, na wale waliotangulia uwapokee katika karamu yako ya milele. Amina.

Mungu awabariki, na awape Alhamisi njema.